Skwadroni (jeshi la anga)

Skwadroni ni kikosi cha msingi cha jeshi la anga. Huwa na ndege za kijeshi za aina moja, au za kazi moja, pamoja na marubani, mafundi na watumishi wengine wanaoziwezesha kuruka. Kwa kawaida skwadroni ina ndege kati ya 12 na 24, ingawa idadi hubadilika kufuatana na ukubwa wa ndege. Skwadroni ya ndege kubwa za mizigo inaweza kuwa na ndege chache tu, lakini ikawa na watu wengi kuliko skwadroni ya ndege za kivita.

Makala hii inaeleza jinsi majeshi ya anga yanavyopanga vikosi vyake na kuvipa majina na namba. Mifano mingi imetoka Afrika ya Mashariki, hasa Kigoma na mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambako ndege za kijeshi zilionekana mapema sana, mwaka 1916.

Asili ya neno

Neno lilianza katika jeshi la farasi. Lilitokana na Kiitalia, likimaanisha kundi la askari lililopangwa kwa umbo la mraba. Baadaye wanamaji walilichukua kwa ajili ya kundi la manowari, na mwanzoni mwa karne ya 20 likaingia katika urushaji wa ndege. Kwa sababu hiyo msomaji anayekuta "skwadroni" katika habari za vita aangalie kwanza ni jeshi gani linalozungumziwa. Skwadroni ya meli, ya vifaru na ya ndege ni vitu vitatu tofauti.

Ngazi za mpangilio

Katika Jeshi la Anga la Kifalme la Uingereza, ambalo mpangilio wake ulifuatwa na nchi nyingi zilizokuwa makoloni yake, ngazi ya chini kabisa ni flaiti, yaani kundi la ndege chache zinazoruka pamoja. Flaiti mbili au zaidi hufanya skwadroni, nazo hutajwa kwa herufi: Flaiti A, Flaiti B. Skwadroni kadhaa hufanya ngazi ambayo kwa Kiingereza huitwa kwa neno lenye maana ya bawa. Mabawa kadhaa hufanya kundi, na makundi huwa chini ya kamandi.

Marekani hutumia maneno yaleyale kwa mpangilio uliopinduliwa. Huko skwadroni huwa ndani ya kundi, na kundi huwa ndani ya bawa. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea, na hata vitabu vilivyotafsiriwa haraka: mtu husoma kwamba kundi la Kimarekani lilishambulia mahali fulani, akadhani ni kikosi kikubwa kuliko bawa, kumbe ni kinyume chake.

Ufaransa ina maneno mawili yanayofanana kwa sauti. Escadron ndiyo skwadroni, na escadrille ni kikosi kidogo zaidi, ingawa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza escadrille ndiyo iliyokuwa kikosi cha msingi. Anayetafsiri habari za mwaka 1916 anaweza kuiita escadrille skwadroni bila kukosea, lakini akifanya hivyo kwa habari za leo atakuwa amekuza kikosi kupita kiasi. Ujerumani ilikuwa na Staffel, Gruppe na Geschwader, kuanzia ndogo hadi kubwa. Urusi na China zilipanga ndege zao kwa rejimenti na divisheni, kama askari wa miguu.

Vyeo navyo huchanganya. Katika jeshi la Uingereza kuna cheo ambacho maana yake ni "kiongozi wa skwadroni", kinacholingana na meja. Lakini kwa miaka mingi sasa skwadroni nyingi za Uingereza zimeongozwa na ofisa wa cheo kinachofuata juu yake, kinacholingana na luteni kanali. Skwadroni zilikua, cheo cha mkuu wake kikapanda, na jina la zamani likabaki palepale. Tanzania na Kenya hazina tatizo hili, kwa kuwa maofisa wao wa anga hutumia vyeo vya jeshi la nchi kavu. Mkuu wa Kamandi ya Jeshi la Anga la Tanzania huwa na cheo cha meja jenerali.

Namba

Skwadroni nyingi hutajwa kwa namba. Mtu angetarajia kwamba nchi yenye skwadroni namba 259 ina skwadroni 259 au zaidi, lakini sivyo. Namba huachwa, hurukwa, hufufuliwa baada ya miaka mingi, na mara nyingine hupangwa kwa makusudi ili adui asijue idadi ya kweli.

Uingereza inatoa mfano mzuri. Hadi Machi 1918 ilikuwa na majeshi mawili ya ndege, moja la nchi kavu na moja la wanamaji, na kila moja lilikuwa na namba zake. Yalipounganishwa tarehe 1 Aprili 1918 kulikuwa na namba zinazogongana. Dawa ilikuwa rahisi: skwadroni za wanamaji ziliongezewa 200. Skwadroni namba 1 ya wanamaji ikawa 201, na namba 8 ikawa 208. Skwadroni 208 ndiyo hiyohiyo iliyokuja kukaa Eastleigh, Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo mkazi wa Nairobi aliyeona namba hiyo alikuwa akiona alama ya jeshi la wanamaji lililokufa zaidi ya miaka 40 kabla.

Katika Vita Kuu ya Pili namba za kuanzia 400 zilitengwa kwa ajili ya nchi za Jumuiya ya Madola: 400 hadi 449 Kanada, 450 na kuendelea Australia, 485 hadi 490 New Zealand. Skwadroni za Wapolandi waliokimbilia Uingereza zilianzia 300. Flaiti zilizojitegemea zilipewa namba za maelfu, na hivyo kikosi kidogo kikawa na namba kubwa. Flaiti 1340, iliyotumia ndege za Harvard dhidi ya Mau Mau nchini Kenya katika miaka ya 1950, ilikuwa ndogo kuliko skwadroni yoyote yenye namba ya tarakimu mbili.

Kwa Wafaransa namba mara nyingi huandikwa kwa mkwaju. Kikosi cha 1/2 si nusu ya kitu chochote. Ni skwadroni ya kwanza ya bawa la pili.

Majina na wito

Mbali na namba, skwadroni nyingi hupewa jina la mahali, la mnyama au la watu waliochangia fedha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili makoloni yaliyochangia ununuzi wa ndege yaliheshimiwa kwa jina lao kuwekwa kwenye skwadroni. Ndiyo asili ya majina kama Skwadroni 249 "Gold Coast" (leo Ghana) na Skwadroni 91 "Nigeria". Marubani wao hawakutoka huko. Jina lilikuwa shukrani kwa mchango, na mchango wenyewe ulitolewa na serikali za kikoloni ambazo raia wa kawaida hawakuzichagua.

Jina la kikosi na watu wake viliendana zaidi katika Skwadroni 26, iliyoundwa Uingereza mwezi Oktoba 1915 kwa watu waliotoka Afrika Kusini. Ililetwa Afrika ya Mashariki mapema mwaka 1916 kupigana na Wajerumani. Nembo yake ina kichwa cha swala wa Afrika Kusini, na wito wake uko katika Kiafrikana, ukimaanisha mlinzi angani.

Wasomaji wa Kiswahili watavutiwa zaidi na Skwadroni 259. Ilifufuliwa Kipevu, Mombasa, mwezi Februari 1943, ikapewa ndege aina ya Catalina, zenye tumbo la mashua, ambazo hutua na kupaa majini. Kazi yake ilikuwa kulinda meli katika Bahari ya Hindi dhidi ya nyambizi, na baadaye makao yake yalihamishiwa Dar es Salaam. Tarehe 20 Agosti 1943 Catalina yake moja pamoja na nyingine ya Skwadroni 265 zilizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini mwa Madagaska. Skwadroni ilivunjwa mwaka 1945. Wito wake ulikuwa wa Kiswahili: "Haya ingia napigane". Sarufi yake ingesahihishwa na mwalimu yeyote wa darasa la tano, kuwa "Haya, ingia na upigane". Hata hivyo ni mojawapo ya vikosi vichache vya anga duniani vilivyowahi kuwa na wito katika lugha yetu, na walioandika bila shaka waliandika walivyosikia.

Kikosi cha Ziwa Tanganyika, 1916

Mfano mzuri wa kikosi kidogo cha anga kilichojitegemea unapatikana Kigoma. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwezi Februari 1914, miezi michache kabla ya vita. Kwa reli hiyo Wajerumani walileta vipande vya meli Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, wakaiunganisha Kigoma na kuishusha ziwani tarehe 5 Februari 1915. Ilikuwa meli kubwa kuliko zote ziwani. Ilipewa mzinga wa sentimita 10.5 uliotolewa kwenye manowari Königsberg, iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915. Huko Rufiji pia ndege zilikuwa na kazi yao: ziliruka kutoka Mafia kutafuta manowari hiyo iliyojificha, na kuelekeza mizinga ya Waingereza mpaka ilipopatikana.

Waingereza walileta boti mbili za mwendo wa kasi, Mimi na Toutou, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Boti hizo ziliteka boti ya Kijerumani Kingani tarehe 26 Desemba 1915, na tarehe 9 Februari 1916 kikosi hicho kilizamisha Hedwig von Wissmann. Ilibaki Götzen, na boti ndogo hazikuweza kuikabili mbele ya mzinga wake. Hapo ndipo zilipohitajika ndege.

Idara ya wanamaji ya Uingereza iliwapa Wabelgiji ndege nne aina ya Short 827. Zilikuwa za viti viwili, rubani na mwangalizi, zenye maboya badala ya magurudumu, na mwendo wa karibu kilomita 100 kwa saa. Marubani na mafundi walikuwa Wabelgiji. Ndege zilifunguliwa vipande vipande na kusafirishwa kwa meli hadi Matadi, kisha kwa reli na mashua za mto kupitia Kongo nzima, na mwishowe kwa reli ya kutoka Kabalo, iliyofika ziwani mwaka 1915. Kazi ya kupakia na kupakua ilikuwa ya wapagazi Wakongo, ambao majina yao hayaonekani katika habari za kikosi hicho. Hilo si la ajabu kwa vita vile, lakini inafaa likumbukwe, maana katika hesabu ya kawaida ya skwadroni watu wa ardhini ndio wengi.

Ziwa lenyewe lilileta taabu. Kila mvuvi wa Ujiji au Kibirizi anajua jinsi mawimbi ya Tanganyika yanavyoweza kuinuka ghafla, na ndege yenye maboya haiwezi kupaa juu ya mawimbi makubwa. Wabelgiji walichagua ziwa dogo la Tongwe, lililojitenga kando ya ziwa kubwa upande wa Kongo, wakafanya kambi hapo. Tena, uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani na joto huifanya nyepesi zaidi, na injini za wakati ule zilipata shida kuinua ndege yenye mafuta, watu wawili na mabomu.

Mwezi Juni 1916 ndege hizo zilivuka ziwa, safari ya zaidi ya kilomita 100 juu ya maji matupu, zikadondosha mabomu juu ya bandari ya Kigoma. Walengwa walikuwa Götzen na majengo ya bandari. Rubani Aimé Behaeghe na mwangalizi Collignon ndio wanaotajwa zaidi kwa shambulio hilo. Wabelgiji waliamini wameipiga meli. Madhara ya mabomu hayakuwa makubwa, na wakati huo Wajerumani walikuwa wameanza kuondoa mizinga ya meli ili itumike vitani nchi kavu. Lakini kwa watu wa Kigoma na Ujiji kitu kilichotoka angani na kudondosha moto kilikuwa kipya kabisa. Upande wa pili, Wajerumani katika koloni lao lote walikuwa wameanza vita wakiwa na ndege moja tu, iliyoletwa Dar es Salaam kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1914, na haikudumu.

Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe, wakiwa wameipaka injini zake grisi nyingi ili isiharibike. Siku mbili baadaye Wabelgiji waliingia Kigoma, na Ujiji ikafuata mwanzoni mwa Agosti. Meli iliibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Behaeghe hakurudi Ulaya. Aliugua na kufariki Niemba, Kongo, mwezi Desemba 1916.

Je, kikosi hicho kilikuwa skwadroni? Kwa hesabu hapana, kwa kuwa ndege nne ni flaiti moja, na skwadroni ya Kiingereza ya mwaka huo ilikuwa na ndege 12 au 18. Kwa kazi, ndiyo. Kilikuwa na mkuu wake, kambi yake, mafundi wake na akiba yake ya mafuta, na hakikuwa chini ya kikosi kingine chochote cha ndege kwa maelfu ya kilomita. Vitabu kwa kawaida hukitaja kwa jina la ziwa, na hilo linatosha. Katika jeshi la anga kujitegemea ndiko kunakoitofautisha skwadroni na flaiti, na wingi wa ndege huja baadaye.

Ng'ambo ya ziwa, miaka ya 1960

Ndege za kivita zilirudi juu ya ziwa baada ya uhuru wa Kongo. Umoja wa Mataifa ulipopambana na Katanga ulipewa ndege na nchi kadhaa, na kila nchi ilileta desturi yake ya majina. India ilileta ndege za Canberra za Skwadroni yake namba 5. Uswidi, ambayo hutaja vikosi vyake kwa ngazi ya bawa, iliunda kikosi kilichoitwa F 22 kwa ajili ya Kongo peke yake. Kilikaa Kamina na kuvunjwa baada ya kazi.

Mwaka 1965 Che Guevara na Wakuba wenzake walipitia Kigoma na kuvuka ziwa kuwaunga mkono waasi. Ndege za T-28 na B-26 za serikali ya Kongo, nyingi zikirushwa na Wakuba wengine waliokimbia nchi yao na kuajiriwa na Marekani, ziliruka kutoka Albertville (leo Kalemie) kutafuta boti zao. Ndiyo maana boti zilizotoka Kigoma zilipendelea kuvuka usiku.

Tanzania na Kenya

Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliundwa tarehe 1 Septemba 1964. Kikosi chake cha anga kilianza kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, lakini mwanzoni mwa 1965 msaada huo ulikatika kwa sababu ya mgogoro kuhusu Ujerumani Mashariki kuwa na ubalozi Zanzibar. Kanada ilichukua nafasi yake, ikafundisha marubani na kuleta ndege za uchukuzi za Otter na Caribou. Wakati huo lilikuwa tawi tu ndani ya jeshi, likiitwa kwa Kiingereza "Air Wing". Jina hilo limebaki Ukonga, Dar es Salaam, ambako wakazi na shule hutumia "Airwing" kama jina la mahali. Katika miaka ya 1970 China ilileta ndege za kivita na kusaidia kujenga kituo cha Ngerengere, mkoani Morogoro, na tawi likakua hadi kuwa Kamandi ya Jeshi la Anga.

Kenya ilianzisha jeshi lake la anga tarehe 1 Juni 1964. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, lililoongozwa na askari wa anga, jeshi hilo lilivunjwa na vikosi vyake vikawekwa chini ya jeshi la nchi kavu kwa jina la "82 Air Force". Hapa namba haikuwa ya heshima. Ilikuwa ukumbusho wa mwaka wa kosa, na askari walioingia kazini baadaye bila hatia yoyote waliibeba hadi 1994, jina la awali liliporudishwa.

Neno "kikosi" kwa Kiswahili

Kiswahili cha magazeti hutumia "kikosi" kwa flaiti, skwadroni, bawa na hata jeshi zima. Katika JWTZ neno lina maana ya kiutawala. Herufi KJ zinazofuata namba kwenye vibao vya kambi ni kifupi cha Kikosi cha Jeshi. Mkoani Kigoma vibao hivyo viko kwenye kambi za Jeshi la Kujenga Taifa: 821 KJ Bulombora, 824 KJ Kanembwa na 825 KJ Mtabila. Namba hizo hutambulisha kambi na utawala wake, iwe ya vijana wa JKT, ya ghala au ya ndege, na hazihesabu ndege wala hazilingani na namba za skwadroni. Kwa hiyo anayetafsiri habari za anga aandike "skwadroni" pale kikosi cha kuruka kinapokusudiwa, na "kikosi" pale ngazi haijulikani.